Yeremia Mughwai: Mpishi Aliyelikuta Jina Lake Kaburini Bukini

Tarehe 30 Juni 1977, Ndugu Yeremia Mughwai, mpishi mkuu wa shule yetu, atakabidhi mwiko baada ya utumishi wa miaka ishirini na saba na nusu. Aliajiriwa tarehe 3 Januari 1950, shule ikiwa bado ya kati, yenye madarasa mawili ya udongo na jiko la mafiga. Wahariri wa jarida wameniomba mimi, Melkizedeki Kiula, mtunza stoo, niandike wasifu huu, eti kwa sababu hakuna anayemjua mzee huyu zaidi yangu. Ni kweli. Mtu uliyegombana naye juu ya maharage kila asubuhi kwa miaka kumi na minane unamjua kuliko unavyomjua shemeji yako.

Mimi ni Mnyiramba wa Ulemo, yeye ni Mnyaturu wa hapahapa Unyambwa, na sisi ni watani, kwa hiyo msomaji akiona nimemchokoza mahali, asihangaike kuandika barua kwa Mwalimu Mkuu. Yeye mwenyewe ameshanichokoza vya kutosha, na kejeli zake nyingine siwezi kuzichapisha.

Nianze na sifa, maana lawama zangu zote alishazisikia. Aliingia hapa kama mpasua kuni. Mwaka 1956 mpishi wa zamani alipohamia Manyoni, akaachiwa jiko, na tangu siku hiyo wanafunzi wa shule hii hawajalala njaa hata mara moja. Sisemi hawakuwahi kutafuna mchanga ndani ya maharage. Sisemi hawakuwahi kula mlenda siku nne mfululizo. Nasema hawakulala njaa. Mwaka 1974, wakati wa ule ukame, tulipoletewa unga wa njano ambao vijana waliuita Yanga, watoto waliutazama kama dawa ya minyoo. Yeremia akauchanganya na uwele aliokuwa ameuficha darini bila mimi mtunza stoo kuwa na habari, akausonga, watoto wakala mpaka ukoko. Uwele ule sijamsamehe hadi leo.

Azimio la Arusha lilipotangazwa na shule zikaambiwa zijitegemee, walimu waliitisha mikutano mitatu. Yeremia hakutokea hata kwenye mmoja. Mwalimu Mkuu wa wakati huo akatoka kwa hasira kwenda kumkaripia, akamkuta nyuma ya jiko anamwagilia mchicha aliouanza miaka mitano kabla. Mwalimu Mkuu alirudi ofisini na fungu la mchicha mkononi, na suala hilo halikuzungumzwa tena.

Lakini jambo moja lilitushinda sote kulielewa. Mwanamume huyu, mwenye mikono miwili, kazi ya kudumu na ng'ombe kwao, hakuwa na mke. Na mchumba alikuwepo! Kila lori la shule lilipopita Mkiwa kuchukua kuni, lilisimama penye njia panda, mahali ambapo Bi Felista alikuwa akiuza karanga za kuchemsha na mayai. Yeremia alinunua karanga kama vile shule nzima ilikuwa imeagiza. Walikuwa wameanza kusemezana mwaka 1958. Sisi tulimcheka, tukasema anaogopa mahari, anaogopa wanawake, anaogopa hata kuku jike. Alicheka pamoja nasi akaendelea kukuna sufuria. Leo naona haya kwa maneno yale.

Mambo yenyewe tulikuja kuyajua baadaye, lakini nayaweka hapa ili msomaji asipotee. Mwaka 1941, wakati wa vita ya Wazungu, jumbe wa wakati ule alitakiwa kutoa kijana mmoja kutoka kila mji, aende kuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Kwenye mji wa mzee Mughwai karani aliandika jina la Yeremia, kwa kuwa ndiye aliyeonekana nyumbani. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amelala chini na mguu uliovimba, shoka limemkata. Kaka yake, Andrea, alikuwa machungani. Andrea aliporudi na kukuta matarishi wamesimama uani, aliutazama ule mguu, akaona wazi kwamba mdogo wake akitembezwa mpaka Manyoni atafia njiani. Basi jina Yeremia lilipoitwa, Andrea akaitika. Karatasi ilikuwa inataka Yeremia mmoja, wakaondoka na Yeremia mmoja. Matarishi hawakuuliza zaidi, wala nyumbani hakuna aliyethubutu kusema, maana kuidanganya serikali ya Mwingereza kulikuwa na jela yake.

Mwaka 1943 ikaja barua. Ikasomwa uani, mbele ya majirani: Yeremia Mughwai amefariki vitani huko Bukini. Yeremia mwenyewe alikuwa pale, anachonga mpini. Hebu fikiria, unasikia msiba wako unasomwa na wewe umekaa kwenye kigoda! Yeye alielewa mara moja ni nani aliyekufa. Mama yao, Bibi Elina, naye alielewa, ila alikataa. Alisema karatasi iliyomuua mtu aliye mbele ya macho yake haiwezi kuaminiwa kwa yule asiyemwona. Hakunyoa nywele, hakukalia matanga, hakuruhusu mtu alie. Andrea alikuwa safarini, basi.

Na kwa kuwa Andrea alikuwa safarini, mdogo hangeweza kuoa akamruka kaka yake. Kwao halifanyiki. Yeremia angeweza kubishana na jumbe, na padri, hata na mimi, lakini hakuweza kubishana na mama yake juu ya mtu aliyekwenda kufa badala yake. Kwa hiyo alingoja, Felista naye akangoja, na karanga zikaendelea kununuliwa.

Sasa tuje kwenye safari. Mwaka 1968 Mwalimu Anselm, anayefundisha historia, aliwaambia wanafunzi kwamba vitabu vinataja vita lakini havitaji kina nani wa kwetu waliokwenda wasirudi. Akawatuma wakati wa likizo, kila mmoja kijijini kwake, wakaulize wazee. Walirudi na majina kumi na tisa, ya Unyambwa, ya Mkiwa, mengine hadi kwetu Ulemo. Mwalimu akaandika barua huku na huko, majibu yakaja kwamba wanne kati yao wamezikwa Diego Suarez, kisiwani ng'ambo ya bahari, ndiyo hiyo Bukini ya wazee. Shule ikalima alizeti misimu miwili, ikarina asali, na Agosti 1969 wanafunzi ishirini na wawili wakawa tayari kuvuka bahari kwenda kuwasalimia watu wao.

Yeremia alikuwa ameliandikisha jina la Andrea katika ile orodha, lakini katika majibu Andrea hakuwemo. Ndipo mpishi ambaye tangu 1950 hakuwahi kuomba hata ruhusa ya kuugua akaenda ofisini, akavua kofia, akaomba aende na wanafunzi awapikie. Aliambiwa wanafunzi watajipikia. Akasema wataunguza. Aliambiwa kule kuna wali. Akasema mtoto wa Singida hawezi kusimama mbele ya kaburi na wali tumboni. Mwalimu Mkuu akacheka, akakubali, na mimi nikapelekwa nikalinde magunia.

Lori hadi Manyoni, treni hadi Dar es Salaam, halafu meli. Kabla ya hapo maji makubwa niliyoyajua mimi ni Ziwa Kitangiri, na Kitangiri haliinuki likakupiga kofi. Siku tatu nililala juu ya gunia la unga wa uwele nikiomba nife. Yeremia alipata ruhusa ya kuweka jiko lake sitahani, akasonga ugali huku meli inalala upande huu na upande ule, na mabaharia wakaja kutazama kama wanaotazama ngoma. Mmoja alionja, akaomba tena. Jioni moja nilimwona amesimama peke yake ameshika chuma cha ukingo, nikadhani naye anatapika. Alikuwa anasali.

Makaburi ya Diego Suarez yametunzwa vizuri, mistari imenyooka, majani yamekatwa. Mwalimu Anselm alikuwa na utaratibu wake. Kila mwanafunzi alipewa jina la mtu wa kijijini kwake katika yale kumi na tisa, hata yasiyokuwemo katika majibu, wengine wawili kwa jina moja. Akiliona kaburi, amsalimie marehemu, Mkristo asali sala yake, Mwislamu amsomee Fatiha, halafu ampe habari za nyumbani, mvua imenyesha vipi, mtama umekubali au umekataa, nani ameoa, nani amejenga. Watoto walicheka kidogo walipoambiwa hivyo. Walipofika penyewe hakuna aliyecheka. Nilimsikia kijana mmoja wa Ulemo akimweleza mtu aliyekufa mwaka 1942 kwamba nchi sasa ni yetu na kwamba daraja la kwao limekwisha kujengwa, akaeleza hadi idadi ya nguzo.

Yeremia hakuingia. Alibaki nje ya uzio, kwenye sufuria. Mimi nilidhani ni uvivu wa kutembea, nikamtania. Alichochea moto tu. Alijua ni jina gani linaweza kuwa humo ndani, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa amelitamani na kuliogopa kwa pamoja.

Jina la Andrea Mughwai alipewa Kristina, binti wa kidato cha tatu, wa Unyambwa vilevile. Alipita mstari kwa mstari asione Andrea yeyote. Alipofika mstari wa mwisho akapiga kelele, akaja mbio hadi jikoni kwetu, anahema, hajui acheke au alie, akasema kule kuna kaburi la Mzee Yeremia. Yeremia akamuuliza baba wa huyo marehemu ameandikwa nani. Binti akasema Mughwai. Basi mpishi wetu akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya gunia, akanipa mwiko. Ilikuwa mara ya kwanza kunipa mwiko wake.

Tulimfuata sote. Alisimama mbele ya jiwe lenye jina lake, akainama, akasalimia kwa Kinyaturu kama mdogo anavyomsalimia kaka, tena kaka aliye karibu na mwenye haraka. Kisha akatoa habari. Kristina alitutafsiria polepole. Alimwambia mguu ulipona. Akamwambia ng'ombe yule mwekundu alizaa mara saba. Mama yupo, anang'ang'ania kwamba utarudi. Akamweleza kuhusu Felista. Halafu akasema neno ambalo nadhani alilibeba tangu akiwa kijana: kwamba kila mwaka aliokula duniani aliula akijua ni wa mtu mwingine, na kwamba amejitahidi asiupoteze. Alilia kama mtoto, na watoto ishirini na wawili wakalia naye, na Mwalimu Anselm, na mimi. Mngazija mmoja anayefanya kazi pale, ambaye hata hakujua tunamlilia nani, akavua kofia akalia pia. Ugali uliungua wote.

Sasa tatizo. Kijana Laurian alitandika karatasi juu ya jiwe, akaisugua kwa mkaa wa jiko letu mpaka maandishi yote yakatokea, safi kabisa. Mwalimu Anselm akafurahi, akasema huu ndio ushahidi wa kumpelekea mama. Yeremia akatikisa kichwa. Karatasi ile ilisema nini? Ilisema Yeremia Mughwai amefariki. Ni barua ileile ya mwaka 1943, imekuja tena. Alikuwa amemwona kaka yake kwa macho na bado hakuwa na kitu cha kumwonyesha mama. Safari ya kurudi alipika vizuri kama kawaida, lakini hakutania mtu, na mimi nilijikuta namkosa hata akiwa mbele yangu.

Siku ya tatu baada ya kufika, tulikwenda wote kwa Bibi Elina kwa miguu. Wanafunzi walipiga shikamoo ishirini na mbili, naye akaitikia ishirini na mbili, bila kuruka hata moja. Mwalimu Anselm akatoa ile karatasi yake ya mkaa. Bibi akaisogeza pembeni kwa mkono wala hakuitazama. Nilimwona Yeremia anatazama chini, nikajua moyoni mwake ameshashindwa.

Bibi akamwita Kristina, kwa kuwa alimjua bibi yake, akamkalisha karibu. Hakumuuliza kaburi limeandikwa nini. Aliuliza kama kuna mtu aliyemlilia. Kristina akajibu kwamba wao walimlilia, wote, mpaka chakula kikaungua, na kwamba Mzee Yeremia alimwita kaka na kumpa habari za nyumbani. Bibi akauliza tena, akitutazama mmoja mmoja, kama ni kweli kwamba watoto hawa wote walimlilia mwanawe. Tukasema ni kweli. Kisha akasema, na maneno haya nayaandika kama yalivyotoka kinywani mwake: “Nilijua. Ila sikutaka afe bila kuliliwa. Karatasi hailii.”

Akafungua kitambaa kichwani, akapiga ukunga mmoja wa kilio, na Unyambwa nzima ikajua kwamba Andrea Mughwai amefariki. Msiba uliochelewa miaka ishirini na sita ulikaliwa kikamilifu. Watu walinyoa. Wanafunzi walichota maji na kupasua kuni. Mimi nilipika, kwa sababu mfiwa hapiki, na kwa mara ya kwanza Yeremia alikula chakula cha mkono wangu bila kusema neno. Baadaye alisema. Alisema chumvi.

Matanga yalipoanuliwa, Bibi Elina hakupoteza muda. Alipanda lori la shule, kiti cha mbele kabisa, mpaka Mkiwa, akamtafuta Felista penye njia panda, akamwambia amekuja kumchukua. Nimeambiwa kwamba Felista alimjibu shikamoo mama, mbona mmechelewa, akafunika beseni la karanga. Harusi ilifanyika Januari 1970, na ng'ombe aliyechinjwa nilimpima mimi mwenyewe. Bibi Elina aliishi akambeba mjukuu wake Raheli mgongoni, akatutoka mwaka 1973 kwa amani. Wa pili ni wa kiume, Andrea, naye sasa ana miaka minne na anaiba sukari jikoni.

Tangu hapo mzee wetu amefanya kazi miaka minane zaidi, na nitasema bila kificho kwamba ugali ulikuwa mtamu zaidi. Mwaka 1975, watu wa vijiji vya jirani walipohamia makazi mapya na nyumba hazijaezekwa, alipikia familia arobaini kwa wiki tatu kutoka jiko hilihili. Alifundisha vijana sita upishi. Wawili wanapika hospitalini mjini, na mmoja, Mungu amsaidie, anarithi sufuria zake hapa.

Yamebaki mambo madogo. Mwezi uliopita Mwalimu Anselm alimwandalia barua ya kwenda kwa wanaotunza makaburi yale, ili waondoe jina la Yeremia kwenye jiwe na kuweka la Andrea. Ilikuwa imepigwa taipu vizuri, inangoja sahihi tu. Yeremia aliisoma mara mbili, akairudisha. Alisema kaka yake aliliitikia jina lile akiwa hai, akalivaa, akalifikisha mahali ambapo yeye angekufa kwa woga, na mtu hamnyang'anyi kaka yake nguo aliyozikwa nayo. Mwalimu akamuuliza, basi wewe utabaki na nini? Akasema amebaki na miaka thelathini na sita, mke, watoto wawili na mdomo wa Melkizedeki, na kwamba hivyo vinamtosha.

Ndugu Yeremia, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi wote uliowashibisha, asante. Asante kwa kuni, kwa mchicha, kwa mlenda, hata kwa uwele wa darini. Nenda kwa mkeo ukae kivulini, na wewe sasa upikiwe. Huko Bukini jiwe linasema ulikufa kijana. Sisi wa hapa tunakuombea uzeeke, uzeeke kabisa, uzeeke kwa ajili ya watu wawili.